Akiba ya Betri Kwanza, Kuuza Baadaye

Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 ilimfungulia mwenye paneli za sola njia ya kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi. Kanuni za mwaka 2024 zikaweka kipimo: kila yuniti unayopeleka unahesabiwa nusu yuniti. Hupewi pesa mkononi. Nusu hiyo inakupunguzia bili tu. Wengi wanaoniuliza watapata nini wakiuza umeme wao hawajaipigia hesabu nusu hiyo.

Chukua nyumba ya Nairobi yenye betri ya lithiamu ya yuniti 5. Yuniti moja ya saa saba mchana ukiipeleka kwenye gridi, inakurudia nusu. Ukiiweka kwenye betri, usiku unatoa takriban asilimia 90 yake. Kinachopungua hupotea kama joto. Kwa hiyo kumwaga betri jioni ili uuze ni hasara mara mbili: unapata nusu, na unaichakaza betri yenyewe, kwa kuwa kila ikijaa na kuisha umri wake unapungua. Umeme wa kwenda kwenye gridi ni ule unaobaki mchana nyumba ikishatosheka na betri ikishajaa.

Lililo gumu zaidi ni akiba ya siku stima itakapopotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ikaingia tena. Hesabu vile usivyoweza kukosa usiku kucha. Friji ya kawaida hula kama yuniti 0.6 toka magharibi hadi alfajiri. Ukiongeza taa, televisheni na kifaa cha Wi-Fi, unafika yuniti moja na nusu, yaani asilimia 30 ya betri yetu. Shawa ya umeme iache nje kabisa: dakika 10 zake hula karibu yuniti nzima, na inveta ndogo haiiwezi.

Asilimia 30 inatosha Januari na Februari. Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi inaposhinda chini ya mawingu, huna uhakika kwamba kesho betri itajaa, na hapo mimi hupandisha akiba hadi 60. Inasikitisha kuona nyumba ambazo namba ya akiba aliyoiweka fundi kwenye inveta siku ya kufunga mitambo haijaguswa tangu hapo. Tena inveta nyingi za haibridi zina namba mbili: moja ya wakati gridi ipo, nyingine ya wakati imepotea. Ya kwanza iwe juu. Ya pili ishuke hadi 10 au 20, kadiri mtengenezaji anavyoruhusu. Zikilingana, stima ikipotea betri itakataa kutoa akiba uliyoitunza.

Asiye na betri asidhani paneli zitamwokoa. Inveta yake hujizima gridi inapozimika, hata jua likiwa la utosi. Imeundwa hivyo makusudi, ili umeme wa paa lake usimuue fundi aliye juu ya nguzo.

Bei ikibadilika, hesabu nayo inageuka. California, Marekani, tarehe 6 Septemba 2022, joto lilipandisha mahitaji hadi megawati 52,061, rekodi ya gridi ile. Msimu huo baadhi ya wenye betri majumbani walilipwa dola 2 kwa kila yuniti waliyotoa saa za dharura. Kwa malipo hayo ningebakiza asilimia 20 na kuuza zote nyingine bila kusita. Kenya nayo huhitaji umeme zaidi jioni, watu wakiwa wamerudi nyumbani na paneli zote zimelala, lakini kanuni zinaihesabu yuniti ya saa mbili usiku nusu ileile ya yuniti ya adhuhuri. Naona hapo ndipo pa kurekebisha: yuniti ya jioni ihesabiwe nzima, na betri za majumbani zitaanza kuisaidia gridi saa inapolemewa.