Oscar Tshiebwe hakuitwa kwenye drafti ya NBA: vijana wa Fataki na Djugu wajue nini?

Tarehe 22 Juni 2023, mjini New York, majina 58 yalisomwa kwenye drafti ya NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani. Jina la Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, halikusomwa. Mwaka moja tu mbele ya hapo, huyo kijana alikuwa amepewa tuzo la mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Usiku ule ulipita bila timu hata moja kumwita.

Kwa kijana wa Fataki anayecheza kwenye tereni ya udongo, katika territoire ya Djugu, habari hiyo inaleta swali nzito. Kama mchezaji wa namna ile aliachwa, yeye atafika wapi? Na kwa mzazi iko swali lingine: mtu akija nyumbani na kusema anaweza kumpeleka mtoto Ulaya ao Marekani kwa sababu ya mpira, ni nini ya kuamini? Ili kujibu maswali hayo, inafaa kwanza kujua ginsi ile drafti inafanya kazi.

Drafti ni nini?

Drafti ni siku ambayo timu za NBA zinagawana wachezaji wapya. Timu ni 30, na kila mwaka kuna zamu mbili za kuchagua, njo maana kwa kawaida majina ni 60. Mwaka 2023 yalikuwa 58, juu timu mbili zilinyanganywa zamu moja-moja kwa kuvunja sheria za ligi. Timu zilizofanya vibaya kwenye msimu uliopita zinapata nafasi kubwa ya kuchagua mbele. Njo ginsi ligi inajaribu kusawazisha nguvu.

Mchezaji hachagui timu. Timu ikisoma jina lake, ile timu peke yake njo iko na haki ya kuongea naye kontra.

Mchezaji ambaye si Mmarekani na hakusoma chuo kule anaweza kujiandikisha mwaka ambao anatimiza miaka 19. Asipojiandikisha, mwaka anatimiza miaka 22 anahesabiwa kuwa ndani ya drafti yeye mwenyewe, bila kuandika barua. Lakini kuwa ndani ya drafti si kuitwa. Maelfu ya vijana duniani wako na umri huo, na nafasi ni 60.

Hata timu zenyewe hazina nafasi nyingi. Kila timu inaruhusiwa wachezaji 15 wa kontra ya kawaida. Zidisha mara 30, unapata watu 450 kwa dunia nzima. Na wengi kati yao wako pale tangu miaka, hawaondoki juu tu wapya wamefika.

Utaratibu huo si wa basketi peke yake. Kwenye hoki ya juu ya barafu, mchezo unaopendwa sana Canada, ligi ya NHL iko na drafti ya zamu saba, na timu 32 zinaita majina 224. Hata na majina mengi vile, wanaoachwa ni wengi kuliko wanaoitwa.

Juu ya nini Tshiebwe aliachwa?

Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi mwezi wa 11 mwaka 1999. Alienda Marekani akiwa bado kijana wa sekondari, akasoma Virginia na kisha Pennsylvania. Alianza chuo kikuu West Virginia, halafu akahamia Kentucky, moja ya vyuo vyenye jina kubwa zaidi kwa basketi.

Msimu wa 2021-2022 alifunga wastani ya pointi 17,4 na kukamata rebaundi 15,1 kwa kila mchezo. Rebaundi ni mpira unaorudi kisha kugonga ringi. Kwa zaidi ya miaka 40 hakuna mchezaji wa daraja la kwanza la vyuo aliyekuwa amefikisha wastani ya 15. Mwezi wa tatu 2022, siku Kentucky ilipoondolewa na chuo kidogo cha Saint Peter's, Tshiebwe peke yake alifunga pointi 30 na kukamata rebaundi 16. Alirudi chuoni mwaka moja tena, akamaliza na wastani ya pointi 16,5 na rebaundi 13,7.

Sasa, wanaochagua walikuwa wanaangalia nini? Hesabu yao si sawa na ya mashabiki. Shabiki anauliza: huyu amefanya nini? Timu inauliza: huyu atakuwa nani kisha miaka mitano, na hapa kwetu atafaa wapi?

Jambo la kwanza ni umri. Siku ya drafti Tshiebwe alikuwa na miaka 23. Pembeni yake kulikuwa vijana wa miaka 19, na timu zinaona kijana wa miaka 19 kama shamba ambalo halijalimwa bado.

Jambo la pili ni mwili. Tshiebwe anacheza karibu na ringi, pahali pa watu warefu kabisa, na alipopimwa bila viatu alikuwa na karibu mita 2,01. Mwaka ule ule, namba moja alikuwa Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ni wa asili ya Kongo. Yeye anapita mita 2,20.

Jambo la tatu ni ginsi mchezo umebadilika. Zamani mtu mkubwa alikuwa na kazi ya kusimama chini ya ringi na kugombea mipira. Leo timu nyingi zinataka hata yeye apige kutoka mbali na aweze kumfuata mchezaji mwepesi mpaka inje. Kazi ambayo Tshiebwe anaijua kuliko wote ilikuwa imeshuka bei.

Kwa hiyo hakuachwa juu ya uvivu ao kukosa nguvu. Aliachwa juu ofisi 30 zilipiga hesabu ya hatari na faida, na hesabu hiyo inaweza kukosea.

Kisha kuachwa, kuna njia gani?

Mchezaji ambaye hakuitwa anakuwa huru. Anaweza kusaini na timu yoyote inayomtaka. Njo kilichotokea kwa Tshiebwe: kisha drafti, Indiana Pacers ilimpa ile inaitwa kontra ya njia mbili. Mwenye kontra hiyo anacheza sana kwenye G League, ligi ndogo ya NBA, na anaweza kupandishwa kwa timu kubwa mpaka michezo 50 kwa msimu. Mshahara wake ni nusu ya ule wa chini wa mchezaji mpya. Kila timu iko na nafasi tatu za namna hiyo. Mwaka 2024 Tshiebwe alienda Utah Jazz kwa kontra ya aina ile ile.

Si utajiri wa haraka, na si maisha ya kutulia. Lakini ni kazi, na anaifanya.

Wengine walipita mulango huo wakafika mbali kabisa. Ben Wallace hakuitwa mwaka 1996. Alibeba kombe la NBA na Detroit mwaka 2004, akachaguliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa ligi, na mwaka 2021 akaingizwa kwenye jumba la heshima la basketi. Fred VanVleet hakuitwa mwaka 2016. Miaka tatu mbele alikuwa bingwa na Toronto. Kwenye hoki, Martin St. Louis aliachwa juu alionekana mfupi, lakini mwaka 2004 alibeba kombe la Stanley na tuzo la mchezaji bora wa NHL.

Mifano hiyo ni ya kweli, lakini isipotoshe mtu. Wallace mmoja anajulikana juu wengine wengi walioachwa hawakusikika tena.

Mchujo wa kwanza hauko New York

Kuna jambo ambalo majina makubwa yanaficha. Mbele mtu aachwe na drafti, lazima kwanza awe ameonekana. Tshiebwe alionekana juu alikuwa Marekani tangu sekondari. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliitwa namba 7 mwaka 2021 na Golden State Warriors, na mwaka uliofuata akawa bingwa. Yeye pia alikuwa ameondoka bado mtoto, mwaka 2016.

Kwa mtoto wa Djugu mchujo unaanza mapema. Unaanza siku ambayo shule inafungwa juu ya risasi. Unaanza wakati familia inakimbia na kulala kambini, na tereni inabaki nyuma. Tangu mwisho wa mwaka 2017, vita imehamisha watu wa Djugu mara na mara. Kijana ambaye amekimbia mara tatu amepoteza miaka ya mazoezi ambayo hakuna drafti itaihesabu. Haikuwa kosa la miguu yake.

Lakini mfano wa karibu uko. Khaman Maluach alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Uganda, hapo tu ngambo ya mpaka. Hakuwa na tereni nzuri wala familia ya Marekani. Alichaguliwa na NBA Academy Africa, shule ya basketi iliyoko Senegal, ambako vijana wanasoma na kucheza. Alicheza pia na City Oilers ya Kampala kwenye Basketball Africa League, ligi ya bara iliyoanza Kigali mwaka 2021. Mwaka 2025, kisha msimu moja kwenye chuo cha Duke, aliitwa namba 10 na leo ni mchezaji wa Phoenix Suns.

Njia hiyo haianzi na ndege. Inaanza na shule, klabu, entente, ligue provinciale, kisha mashindano ya kitaifa chini ya FEBACO, shirikisho la basketi la Kongo. Pale njo watafutaji wa vipaji wanaangalia. Klabu ya Kongo ikifika BAL, kama Espoir Fukash ya Lubumbashi mwaka 2022, wachezaji wake wanaonekana Afrika nzima.

Karatasi inayosahaulika

Kwa kuwa umri unahesabiwa kuliko kitu kingine, cheti cha kuzaliwa ni kama kiatu: bila hicho huingii tereni. Hakuna shule ya michezo ya kweli itachukua kijana bila uhakika wa tarehe yake ya kuzaliwa. Na kupunguza miaka ni hatari. Udanganyifu ukigunduliwa mbele ya safari, kijana anapoteza yote.

Sheria ya Kongo inaomba mtoto aandikishwe kwa ofisi ya serikali, kwa état civil, katika siku 90 kisha kuzaliwa. Muda huo ukipita, inabidi kupitia tribunali kwa kupata jugement supplétif. Familia nyingi zilizokimbia zimepoteza karatasi ao hazikuandikisha kamwe. Kazi hiyo inafaa kufanywa wakati mtoto yuko na miaka 8 ao 10. Kungojea siku ya pasipoti ni kuchelewa. Na karatasi hiyo inasaidia hata asiyegusa mpira: kwa mtihani, kwa kazi, kwa kupiga kura.

Mwenye kuomba makuta

Hapa njo wazazi wanapaswa kufungua macho. NBA haiombi malipo kwa kujiandikisha kwenye drafti. Ajenti wa mchezaji wa NBA lazima awe na ruhusa ya chama cha wachezaji, NBPA, na malipo yake yanatoka ndani ya mshahara kisha kontra kusainiwa, yasiyopita asilimia 4. Mtu anayeomba familia iuze ngombe ao kiwanja «kwa kufungua dosie» hafanyi kazi kwa utaratibu huo.

Mpira wa miguu hauna drafti huku Afrika ao Ulaya, lakini sheria yake iko wazi. FIFA inakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka inchi moja kwenda ingine, isipokuwa kwa hali chache zilizoandikwa. FIBA pia, kwa basketi, inazuia vile vile. Anayesema atampeleka mtoto wa miaka 15 kwa klabu ya Ulaya aulizwe maswali haya: klabu gani, barua iko wapi, shirikisho la Kongo linajua, na mtoto atasoma wapi? Asiyejibu moja kati ya hayo asipewe mtoto wala faranga.

Kitu ambacho hakichujwi

Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024, aliitwa namba 4 mwaka 1991. Watu wanakumbuka kidole chake. Wachache wanakumbuka kwamba alifika chuo cha Georgetown mwaka 1987 na bursi ya masomo, akitaka kuwa daktari. Basketi ya chuo ilimkuta pale. Baadaye alijenga hospitali Kinshasa, yenye jina la mama yake.

Kwa kocha wa Djugu, funzo ni la vitendo. Kijana anayekuja mazoezi aulizwe pia kuhusu shule, na mwenye kukosa cheti cha kuzaliwa aonyeshwe mulango wa état civil. Kwa kijana mwenyewe, ofisi 30 za Marekani zinaweza kumpita bila hata kujua kama Fataki iko. Zikimpita akiwa na Diplôme d'État mkononi, na magoti yake bado mazima, na shamba la familia halijauzwa, bado ana mahali pa kuanzia siku inayofuata.