Uchovu wa Ugonjwa wa MS Hupimwa kwa Maswali, si kwa Macho

Uchovu ni miongoni mwa dalili zinazowasumbua zaidi watu wenye maltipo sklerosisi, ugonjwa unaojulikana kwa kifupi kama MS. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili hushambulia utando unaokinga mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, hivyo taarifa zinazosafiri mwilini huchelewa au hukatika.

Uchovu huo hautokani na kazi pekee. Mgonjwa anaweza kuamka amechoka ingawa amelala vizuri, na joto huweza kuuzidisha. Kwa kuwa hauonekani, mtu aliyeshindwa kupalilia migomba au kuchuma kahawa huweza kudhaniwa kuwa mvivu.

Ili kuondoa dhana hiyo, wataalamu hutumia dodoso. Mojawapo, lililochapishwa mwaka 1989 na Lauren Krupp na wenzake nchini Marekani, lina kauli 9 kuhusu hali ya mgonjwa katika wiki iliyopita. Kila kauli hupewa alama 1 hadi 7, na wastani wa 4 au zaidi huashiria uchovu mkubwa. Dodoso jingine lina vipengele 21 na hupima athari za uchovu katika mwili, fikra na mahusiano ya kijamii kwa wiki 4.

Hata hivyo, alama hueleza ukubwa wa uchovu, si chanzo chake. MS ni nadra katika maeneo yaliyo karibu na Ikweta, ilhali katika Wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera, malaria, upungufu wa damu, kifua kikuu na VVU huweza pia kuleta uchovu, sawa na sonona na kukosa usingizi. Hata mgonjwa aliyethibitika kuwa na MS anapaswa kuchunguzwa vyanzo hivyo, kwani vingi vina tiba.

Mwananchi mwenye uchovu wa muda mrefu anashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Iwapo uchovu unaambatana na ganzi, udhaifu wa miguu, kuyumba au kufifia kwa jicho moja, asichelewe, ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba na, inapobidi, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Kwa aliye na MS, maswali yaulizwe kwa lugha anayoielewa na yarudiwe kila baada ya muda. Kwa njia hiyo, alama zitaonesha iwapo mazoezi mepesi, mapumziko na kupanga kazi nzito wakati wa ubaridi wa asubuhi vinamsaidia.