Kilemba na Kodi ya Fremu: Hukumu kwa Wenye Majengo ya Maduka Bara

Sifa njema zote ni za Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa wanaofanya biashara Bara, na wapo waliokwisha jenga au kurithi majengo ya fremu Mbeya na Iringa. Masuala yanayotufikia mara kwa mara ni haya: Je, kilemba ni halali? Na jengo likiungua, kodi iliyokwisha kulipwa ni ya nani?

Msingi wake ni mmoja. Katika ijara mwenye jengo hauzi fremu. Anauza manufaa yake kwa muda unaojulikana. Basi kila shilingi anayopokea lazima ielekee kwenye muda huo.

Kuhusu kilemba

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 lilitoa uamuzi juu ya suala hili, ambalo kwa Kiarabu huitwa badalul-khuluww. Muhtasari wake:

1. Mwenye jengo anaweza kupokea kilemba mwanzoni mwa mkataba, kwa sharti kihesabiwe kuwa ni sehemu ya kodi ya muda waliokubaliana.
2. Akitaka fremu yake kabla ya muda kwisha, inafaa amlipe mpangaji ili aondoke. Muda ukishakwisha bila mkataba kuhuishwa, mpangaji hana haki ya kudai chochote kwa ajili ya kutoka.
3. Mpangaji anaweza kumwachia mwengine muda wake uliobaki kwa malipo, ilimradi mkataba wake na mwenye jengo na sheria za nchi havikatazi. Muda ukishakwisha hana cha kuuza.

Kwa hivyo aliyekodi kizimba cha halmashauri, kisha akampangisha mwengine kwa bei ya juu ilhali mkataba umekataza, amevunja sharti alilolikubali. Na Waislamu wanatakiwa watimize masharti yao.

Jengo likiungua

Hili si jambo la kufikirika. Mjini Mbeya, Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na Soko la Sido mwaka 2017. Kwa ada ya Bara, mpangaji hutoa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya kuingia.

Wanazuoni wamesema kilichokodishwa kikiharibika hata kisiweze kutumika, ijara huvunjika kwa muda uliobaki. Tuchukue mfano: kodi ni shilingi 200,000 kwa mwezi, mpangaji amelipa mwaka mzima, 2,400,000, na kilemba 1,200,000. Jumla ni 3,600,000, yaani 300,000 kila mwezi. Moto ukitokea baada ya miezi mitano, mwenye jengo atarejesha 2,100,000 za miezi saba iliyobaki. Kuzizuia ni kula mali ya mtu bila ya haki, hata ikiwa naye amepata hasara ya jengo. Ama bidhaa zilizoungua, hasara ni ya mwenye bidhaa, isipokuwa ikithibiti kuwa moto umetokana na uzembe wa mwenye jengo.

Nasaha kwa familia

Usikodishe fremu kwa anayejulikana atauza pombe au nyama ya nguruwe, hata akitoa kodi maradufu, kwani Suratul-Maaidah aya ya 2 imekataza kusaidiana katika madhambi.

Na ikiwa jengo ni la urithi, ndugu aliyeko Iringa anayekusanya kodi ni wakala tu. Akitaka ujira, wakubaliane mwanzo. Kinachobaki, baada ya gharama na ushuru, kigaiwe kwa mafungu ya mirathi, na mama aliyeko Pemba apewe fungu lake kamili bila ya kuambiwa "mji mgumu".

Andikeni mikataba, wekeni mashahidi.

Wa-Allaahu A'lam.