Karatasi ya Mhusika: Fomu Inayojua Kuhesabu



Kamati yoyote iliyowahi kuandaa fomu inajua kwamba kuchora mistari si kazi. Kazi ni kuamua nini kiulizwe, nani atajaza, na fomu ikibadilishwa mwakani majibu ya zamani yatakwenda wapi. Katika makala hii tunaeleza fomu ya namna ya pekee, ambayo wachezaji wengi hujitengenezea wenyewe: karatasi ya mhusika katika michezo ya mezani inayochezwa kwa njia ya mtandao.

Mchezo wenyewe

Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wachache huketi pamoja. Mmoja ni mwendesha mchezo, naye husimulia mahali walipo na hatari iliyo mbele yao. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na husema mhusika huyo atafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu hurushwa. (Neno hilo huwashtua baadhi ya wazee wetu, kwa hiyo tuseme mapema: hakuna fedha inayowekwa mezani.)

Yote yanayojulikana juu ya mhusika huandikwa kwenye karatasi yake. Mchezo huu una sifa kuu 6: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Katika matoleo ya miaka hii kila sifa huzaa nyongeza: toa 10, gawanya kwa 2, kisha shusha hadi namba kamili. Mwenye Nguvu 14 anapata nyongeza ya 2. Mwenye Nguvu 7 anapata hasi 2. Dadu ya pande 20 ikionyesha 11, huyo wa kwanza anahesabiwa 13.

Hesabu hiyo ni ndogo, lakini hurudiwa mara nyingi katika jioni moja, na karatasi moja ina hesabu kadhaa za namna hiyo zinazotegemeana. Hapo ndipo kompyuta inaposaidia.

Jinsi karatasi inavyojengwa

Tovuti ya Roll20, iliyoanza mwaka 2012, huwakutanisha wachezaji walio mbalimbali. Inazo karatasi nyingi tayari, na sehemu kubwa zilitengenezwa na watumiaji na kuachwa wazi kwa wengine. Lakini aliyetunga mchezo wake mwenyewe hakuti karatasi inayomfaa. Mwendesha mchezo anayelipia daraja la Pro anaweza kuijenga.

Kuna sehemu 3. HTML hupanga visanduku, na CSS huvipa sura. Ya tatu ni msimbo mfupi wa JavaScript ambao hapa tutauita mtumishi wa karatasi. Kila kisanduku hupewa jina linaloanza na attr_, kwa mfano attr_nguvu. Mtumishi hukaa akisikiliza. Nguvu ikibadilishwa, anaisoma, anapiga hesabu, na kuandika jibu katika kisanduku kingine, tuseme attr_nyongeza_nguvu. Mchezaji akibonyeza kitufe cha dadu, kitufe huchukua jibu hilo na kulijumlisha na dadu. Kwa vitu visivyo na idadi maalumu, kama silaha na mizigo, kuna sehemu ya kujirudia, ambapo mchezaji huongeza mstari kila anapopata kitu kipya.

Kosa la kwanza la karibu kila mwanafunzi ni hili: yaliyomo katika visanduku hufika kwa mtumishi kama maandishi. Vazi la chuma lina ulinzi 14, ngao ina 2, na badala ya 16 karatasi inaonyesha 142, kwa kuwa maandishi mawili yameunganishwa tu. Dawa ni kumwamuru mtumishi ageuze kwanza kila kitu kuwa namba.

Majina ya visanduku

Kosa hilo huonekana siku ileile. Linaloumiza zaidi huchelewa. Tuseme karatasi imetumika mwaka mzima, na mtengenezaji anaona kuwa attr_nguvu lingependeza zaidi likiwa attr_nguvu_mwili. Anabadilisha. Jioni wachezaji wanafungua na kukuta kisanduku kitupu. Namba haikufutwa, bado imehifadhiwa chini ya jina la zamani, ila hakuna kisanduku kinachoisoma. Mweka hazina aliyewahi kufungua daftari jipya bila kuhamisha salio la mwaka uliopita anaijua hali hiyo. Na kwa mchezaji si namba tu, ni mtu aliyemlea kwa miezi mingi pamoja na rafiki zake.

Kwa hiyo chagueni majina polepole mwanzoni, kisha msiyaguse. Neno linaloonekana juu ya kisanduku linaweza kubadilishwa wakati wowote bila madhara, maana namba huhifadhiwa chini ya jina la ndani. Ikiwa hakuna budi, karatasi iwe na namba ya toleo lake. Mhusika anapofunguliwa, mtumishi aitazame namba hiyo, na kama ni ya zamani anakili thamani kutoka jina la kale kwenda jipya kabla ya kuandika namba ya toleo jipya.

Tuna neno pia juu ya kukokotoa kupita kiasi. Karatasi iliyofunga kila jibu humnyima mwendesha mchezo nafasi ya kusema, "Leo mvua inanyesha, punguzeni 2." Kwa maoni yetu, kila hesabu muhimu iachiwe kando yake kisanduku kitupu cha nyongeza nyingine.

Kabla ya kuwapa wenzenu, tengenezeni mhusika wa majaribio na kumjaza vibaya kwa makusudi. Acheni Nguvu tupu. Andikeni hasi 3. Andikeni herufi mahali pa namba. Neno NaN likitokea popote, ndiyo kompyuta inasema kwamba ilichopewa si namba, na mtumishi bado hajafundishwa la kufanya.