Tezi Zilizovimba kwa Mjamzito: Uchunguzi Usikatizwe Mpakani

Ndugu wananchi wa Busia na Tororo, usalama wa mama na mtoto ni sehemu ya usalama wa jamii. Kwa hiyo leo tunazungumzia tezi zinazovimba shingoni, kwapani au kinenani wakati wa ujauzito.

Mara nyingi tezi huvimba kutokana na maambukizi ya koo au jino, kisha uvimbe hupungua. Lakini uvimbe unaodumu zaidi ya wiki 2, unaokua au kuwa mgumu, hasa ukiandamana na homa, jasho la usiku au mama kutoongezeka uzito, wahitaji uchunguzi. Huenda ukatokana na kifua kikuu cha tezi, VVU au, kwa nadra, saratani.

Ujauzito si sababu ya kungoja. Kupimwa damu, kupigwa picha ya mawimbi ya sauti na kutolewa majimaji ya tezi kwa sindano nyembamba hakumdhuru mtoto. Kifua kikuu cha tezi kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na vidonge vyake vya kawaida hutumika hata katika ujauzito.

Hatari hapa kwetu ni mama kupimwa upande mmoja, kisha kuvuka kabla ya kupata majibu. Kila mjamzito avukaye Busia au Malaba abebe kadi yake ya kliniki, majibu na dawa zake. Asijifiche katika njia za panya, kwani ugonjwa si kosa la jinai. Akielemewa njiani, amwendee askari aliye karibu, aelekezwe hospitalini.