Maumivu ya kinena yasipuuzwe: nyonga huokolewa mapema

Mtu akianza kuchechemea na kulalamikia maumivu ya kinena yanayoshuka hadi pajani au gotini, wengi wetu humnunulia dawa ya kutuliza maumivu na kungoja. Wakati mwingine kungoja huko ndiko humgharimu nyonga.

Kichwa cha mfupa wa paja, kinachozunguka ndani ya nyonga, hulishwa na mishipa michache ya damu iliyo myembamba. Damu ikikatika, sehemu ya mfupa hufa. Mwanzoni kichwa hicho hubaki na umbo lake la mviringo. Baadaye hubonyea kwa uzito wa mwili na kiungo kuharibika.

Walio hatarini zaidi ni wenye ugonjwa wa selimundu, waliotumia dawa za steroidi kwa wingi au kwa muda mrefu, wanaokunywa pombe kupindukia, na waliovunjika au kuteguka nyonga, kwa mfano katika ajali ya bodaboda.

Uboho husaidiaje?

Mfupa ukiwa bado haujabonyea, daktari wa upasuaji wa mifupa anaweza kutoboa tundu jembamba hadi kwenye sehemu iliyokufa. Tundu hilo hupunguza shinikizo na kufungulia njia mishipa mipya, lakini halileti seli za kujenga mfupa. Kwa hivyo uboho hufyonzwa kwa sindano kutoka mfupa wa kiuno wa mgonjwa mwenyewe, akiwa amepewa dawa ya usingizi. Huzungushwa kwa kasi katika mashine ili seli changa zikusanyike, kisha hudungwa kupitia tundu lile. Kwa kuwa seli ni zake, mwili hauzikatai.

Mmoja wa waanzilishi wa njia hii ni daktari Philippe Hernigou wa Ufaransa. Mwaka wa 2002, yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya nyonga 189. Kati ya 145 zilizotibiwa kabla ya kubonyea, ni 9 tu zilizohitaji baadaye kubadilishwa na nyonga bandia. Kati ya 44 zilizokuwa zimebonyea, zilizobadilishwa ni 25. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote kuhusu ukubwa wa manufaa ya uboho, lakini madaktari wanakubaliana kwamba kuwahi ni muhimu.

Ufanye nini?

- Maumivu ya kinena au nyonga yakidumu kwa wiki kadhaa, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.
- Mweleze mhudumu kama una selimundu, umewahi kuumia nyonga au umetumia steroidi.
- Picha ya eksirei inaweza kuonekana sawa mwanzoni. Maumivu yakiendelea, uliza kuhusu kipimo cha MRI.
- Usiache steroidi ulizoandikiwa bila kushauriana na daktari. Kuziacha ghafla ni hatari.

Ieleweke kwamba hili si tangazo la huduma mpya. Upasuaji huu si wa zahanati. Hufanywa na wataalamu, na mgonjwa hufika kwao kwa barua ya rufaa. Jihadhari na yeyote anayekuuzia sindano ya "seli" akidai inatibu kila ugonjwa.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, akichechemea leo, usingoje likizo ya shule. Mpeleke akapimwe.