Rezo ndani ya balenieri: kwa nini inapotea, na adabu ya kuitumia

Watu wa London walianza kupata 4G ndani ya tuneli za treni ya chini ya ardhi mwezi wa tatu 2020, kwenye kipande cha njia ya Jubilee. Udongo unazuia mawimbi, kwa hiyo walipitisha ndani ya tuneli kebo maalum inayomwaga rezo njia nzima. Sisi Kisangani treni ya chini hatuna, tuko na balenieri. Lakini swali ni lile lile: kwa nini simu inakufa katikati ya safari?

Sababu ya kwanza ni umbali. Kwa 2G, antena moja katika mpangilio wake wa kawaida haihudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilometa 35. Kutoka hapa mpaka Yangambi ni karibu kilometa 100. Weka antena moja huku na moja kule: zinafunika kilometa 70, zile 30 za katikati zinabaki bila kitu. Na hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Pori linakunywa mawimbi, na mto ukikata kona, miti ya ukingo inafunga njia.

Sababu ya pili ni feza. Antena inataka umeme mchana na usiku. Umeme wa baraji ya Tshopo haufiki vijiji vya mtoni, basi kampuni inalipa mazuti au pano za jua, kwa wateja wachache.

Jambo lingine: simu isiyo na rezo haipumziki, inatafuta antena kila wakati. Njo maana batiri inaisha mbio. Weka modi ya ndege mpaka mukaribie Yangambi ao Isangi. Rezo ikiwa ndogo, tuma SMS. Sauti inataka njia isiyokatika, lakini ujumbe unatosheka na nafasi fupi, na ukikwama unaweza kutumwa tena.

Sasa adabu. Rezo ikishika, bote tunapiga kelele mara moja. Tuheshimiane hivi:

1. Mwenye mgonjwa ao msiba aachiwe simu na nafasi kwanza. Kama una unite, mukopeshe SMS moja.

2. Usitangaze hesabu ya mpunga uliouzisha wala feza unayobeba. Balenieri haina ukuta, na mutalala pamoja.

3. Usiku muziki bila spika. Mama na watoto wamelala juu ya magunia, na mushika usukani anahitaji kusikia mwenzake anayepima kina kwa mti pale mbele.

4. Kwenye jenereta ao pano, simu ikijaa, toa yako. Foleni ni foleni.

Ya mwisho ni kubwa kuliko zote. Balenieri zinazama kwenye mito yetu kila mwaka, na mara nyingi orodha kamili ya abiria haiko. Mbele ya kutoka bandarini, tuma kwa jamaa jina la balenieri, saa ya kutoka, namba ya mwenye chombo na majina ya wenzako wawili. Kila mahali rezo inashika, andika tu: "Tumepita Yangambi saa kumi." Chombo kikichelewa, jamaa watajua sehemu gani ya mto waanze kutafuta.